Pesa imekatwa, muuzaji anasema haijafika. Sasa hivi iko kwa nani?

Nuru_K

Habari zenu wakuu. Naombeni mnieleweshe, maana nimeuliza huku na kule na kila mtu ananijibu lake.

Nililipia kozi ya mtandaoni kwa kadi. Nikaingiza namba, nikaingiza na ule msimbo uliotumwa kwenye simu, ukurasa ukazunguka weee, mwisho ukaandika "Malipo hayakufanikiwa, jaribu tena." Kabla sijafanya lolote ujumbe wa benki ukaingia: umetumia kiasi hiki, salio lako ni hili. Muuzaji nikimwandikia anasema kwenye mfumo wake hakuna kitu. Benki nikipiga wanasema muamala umepita, nimfuate muuzaji.

Sitaki kuambiwa "subiri itarudi" tu. Nataka kuelewa. Kama kwangu imetoka na kwake haijaingia, pesa hiyo iko wapi, iko kwenye mikono ya nani? Na inakuwaje mifumo mikubwa kiasi hiki ishindwe kujibu swali dogo la imelipwa au haijalipwa? Nikibonyeza tena nitakatwa mara mbili?

FundiSeva

Pole sana Nuru. Usibonyeze tena kwanza. Pesa iko hewani kati ya benki yako na benki ya muuzaji, ikikosa pa kutua itarudi yenyewe. Piga picha ukurasa ule na ujumbe wa benki, uvihifadhi.

KaraniWaMiamala

FundiSeva mkuu, kwenye kutobonyeza tena niko na wewe. Ila hilo la pesa kuwa hewani naomba tuliondoe kabisa, kwa sababu ndilo linalowafanya watu walale na wasiwasi bure. Pesa haikai hewani hata kwa sekunde moja. Wakati wowote ukiuliza, iko kwenye kitabu cha mtu fulani, kwenye mstari fulani. Nimefanya kazi ya usuluhishi wa miamala ya kadi kwa miaka mingi. Kazi yenyewe ni kukaa na faili la benki upande mmoja na faili la mtandao wa kadi upande wa pili, na kutafuta mistari isiyokuwa na mwenzake. Muamala wa aina ya huu wa dada Nuru nimekutana nao sana.

Dada Nuru, kwa maelezo yako, pesa yako kwa uwezekano mkubwa iko palepale ilipokuwa, ndani ya benki yako. Kilichotoka ni ujumbe.

Malipo ya kadi yana hatua tatu ambazo hazitokei kwa wakati mmoja. Kwanza ni idhini: benki yako inaulizwa kama kadi ni nzima na salio linatosha, nayo ikikubali inakizuia kiasi hicho usikitumie kwa jambo jingine. Pili, muuzaji anafunga hesabu zake na kupeleka orodha ya miamala anayoidai. Tatu, benki kwa benki zinalipana, tena kwa jumla, baada ya kukata madeni ya huku na ya kule. Ujumbe uliokuja kwenye simu yako ni wa hatua ya kwanza. Benki nyingi huuandika kana kwamba yote matatu yamekwisha, na hapo ndipo mteja anapopotezwa. Wapo wanaotoa kiasi kwenye akaunti papo hapo badala ya kukizuia, lakini hata hapo benki mbili zenyewe hulipana baadaye.

Sasa tazama njia ya ujumbe wenyewe. Unatoka kwenye kivinjari chako kwenda seva ya muuzaji, kutoka hapo kwenda kampuni inayompokelea malipo, halafu benki ya muuzaji, halafu mtandao wa kadi, halafu benki yako. Jibu linarudi kwa njia hiyohiyo kinyumenyume. Kila kituo kina saa yake, na saa ikiisha kabla ya jibu kufika, kituo hicho kinaacha kusubiri.

Ujumbe huo si barua ndefu. Unaanza na tarakimu nne: 0100 ni ombi la idhini, 0110 ni jibu lake. Ndani yake kuna sehemu zilizopewa namba. Sehemu ya 4 ni kiasi. Ya 37 ni namba ya kumbukumbu yenye herufi 12. Ya 38 ni namba ya idhini yenye herufi 6. Ya 39 ndiyo jibu lenyewe kwa tarakimu mbili: 00 imekubaliwa, 51 salio halitoshi, 54 kadi imekwisha muda wake, 91 benki iliyotoa kadi haipatikani. Mpangilio huu unaitwa ISO 8583, ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na mpaka leo ndio unaobeba sehemu kubwa ya malipo ya kadi duniani.

Kwako inaelekea ilikuwa hivi. Ombi lilifika benki, benki ikakubali, ikazuia kiasi, ikatuma 00. Jibu likiwa njiani kurudi, saa ya kituo kimojawapo ikaisha. Ukitazama kitabu cha benki, muamala umepita. Ukitazama cha muuzaji, hakuna jibu. Wote wawili wamekuambia walichokiona kwenye vitabu vyao, na ndiyo maana wanakurusha kama mpira, huku hakuna anayesema uongo.

Isipokuwa ukurasa ule. Ule ulikuandikia "hayakufanikiwa" wakati haukujua kama yamefanikiwa au la. Kukosa jibu si sawa na kujibiwa hapana. Malipo ya mtandaoni yana hali tatu: ndiyo, hapana, na haijulikani. Hii ya tatu ndiyo inayoleta malalamiko mengi, na bado wanaotengeneza kurasa wanaificha ndani ya "hapana" kwa sababu wanaona inamchosha mteja. Inaniuma kweli, kwa kuwa sentensi moja ya "hatujapata jibu, tunafuatilia, usilipe tena" ingemwokoa mtu na wiki nzima ya kupiga simu.

Dawa iliyomo kwenye mfumo ni ujumbe mwingine, wa familia ya 0400, wa kubatilisha. Kituo kilichochoka kusubiri kinapaswa kuutuma kuiambia benki yako: lile ombi lifute, achia kile kiasi. Nao ukipotea unarudiwa. Usipofika kabisa, kizuizi kitaisha chenyewe kwa muda uliowekwa, ambao hutofautiana baina ya benki na aina ya biashara.

Kwa hiyo piga benki tena, lakini usiulize "pesa yangu iko wapi." Uliza hivi: muamala huu ni idhini tu, au muuzaji ameshaudai? Nipeni namba ya idhini na namba ya kumbukumbu. Je, kuna ujumbe wa kubatilisha ulioingia? Namba hizo mbili mpelekee muuzaji, azipeleke kwa kampuni inayompokelea malipo. Wao wakizitafuta wataona ukweli wote kwenye mstari mmoja.

Nuru_K

Karani, nashukuru mno. Nimepiga nikauliza kama ulivyoandika, na yule dada wa benki akabadilika hata sauti. Ni idhini tu, haijadaiwa. Namba zote mbili nimepewa.

Lakini umenifungulia swali kubwa zaidi. Mwaka 1987 intaneti ya kununulia vitu haikuwepo. Ina maana tunalipa mtandaoni kwa chombo kilichotengenezewa kitu kingine? Hakuna aliyekaa akabuni malipo ya intaneti tangu mwanzo?

KaraniWaMiamala

Walikuwepo, tena watu wenye akili sana, na habari yao inastahili kusimuliwa vizuri.

Tuanze na kadi, maana umri wake ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyofikiri. Diners Club ilianza mwaka 1950. Septemba 1958 Bank of America ikawatumia watu wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta bila wao kuziomba. Mpango huo uliitwa BankAmericard, na mwaka 1976 ukapewa jina la Visa. Mpango mzima ulisimama juu ya mambo mawili: kadi iko mkononi mwa mwenyewe, na muuzaji anamwona. Baadaye watu walipoanza kuagiza kwa barua na kwa simu, wakiwa wanataja namba tu, ikawekwa kanuni kwamba mwenye kadi akikana, hasara ni ya muuzaji. Kanuni hiyo ya maagizo ya simu ndiyo intaneti iliyoirithi.

Sasa waliobuni upya. David Chaum alifikiria fedha ya kidijitali mapema mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akabuni njia ya benki kusaini sarafu bila kuiona namba yake, kwa hiyo sarafu ikirudi benki inajua ni halali lakini haijui nani aliitumia. Mimi naona hilo ni moja ya mawazo mazuri kuliko yote katika fani hii. Kampuni yake ya DigiCash ilifanya kazi Amsterdam, na benki moja ya St. Louis, Marekani, iliyoitwa Mark Twain Bank, ikaanza kutoa fedha hiyo mwaka 1995. Mwaka 1998 DigiCash ikafilisika. Wauzaji hawakuichukua kwa kuwa wanunuzi hawakuwa nayo, na wanunuzi hawakuitafuta kwa kuwa wauzaji hawakuipokea.

First Virtual, ya mwaka 1994, ilikwenda njia nyingine ambayo mimi naipenda kwa unyofu wake. Namba ya kadi haikupita kwenye intaneti kabisa. Ukinunua, wanakuandikia barua pepe, nawe unajibu moja kati ya majibu matatu: ndiyo, hapana, au ulaghai. Kadi haitozwi mpaka ujibu. Iliwaamini wanunuzi mno, na muuzaji alisubiri sana kupata pesa yake, ikafifia.

Halafu Visa na MasterCard wenyewe wakaungana mwaka 1996 na kutangaza SET, utaratibu wao wa kulipa kwa kadi mtandaoni. Kiusalama ilikuwa imara: muuzaji hakuiona namba ya kadi, benki haikuona ulichonunua. Lakini kila mnunuzi alitakiwa kusakinisha programu maalumu na kupata cheti cha kidijitali. Nani angefanya hivyo ili anunue kitabu kimoja? Haikushika.

Kilichoshinda ni SSL ya Netscape, ile kufuli ndogo kwenye kivinjari, iliyowafikia watu mwaka 1995 na ambayo mrithi wake ni TLS. Ilishinda kwa kuwa haikumdai mnunuzi chochote. Unaandika namba ya kadi kwenye fomu, inasimbwa, yaani inafichwa isisomeke njiani, inakwenda. Basi. Shida ni kwamba SSL inalinda njia tu. Namba ikishafika kwa muuzaji iko wazi mikononi mwake, na wengi waliihifadhi. Wezi hawakuhangaika kusikiliza njia, wakaenda moja kwa moja ghalani.

Karibu kila kilichoongezwa baada ya hapo ni kiraka cha tundu hilo. Tarakimu 3 za nyuma ya kadi, ambazo muuzaji haruhusiwi kuzihifadhi baada ya idhini. Kanuni za PCI DSS za Desemba 2004, zinazomlazimisha anayegusa namba za kadi kuzilinda. Ule msimbo uliouingiza wewe, Nuru, unatokana na utaratibu unaoitwa 3-D Secure, ulioletwa na Visa mwaka 2001. Una tokeo moja ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: benki ikishakuthibitisha kwa njia hiyo, mara nyingi hasara ya ulaghai inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa benki iliyotoa kadi. Ndiyo sababu muuzaji anautaka, na ndiyo sababu benki inaweza kuwa ngumu mtu akija kusema "si mimi" wakati msimbo uliingizwa. Usimtajie mtu msimbo huo. Hata akijitambulisha kuwa ni wa benki.

Mwaka 2014 zikaja tokeni. Apple Pay ilipoanza Oktoba mwaka huo, muuzaji hakupewa namba yako halisi, alipewa namba mbadala inayofanya kazi kwenye kifaa chako tu, pamoja na alama ya siri inayobadilika kwa kila muamala. Mwizi akiiba hiyo hana cha kufanya nayo. Ukitazama vizuri, lile lengo la SET la kumnyima muuzaji namba ya kadi lilitimia karibu miaka 20 baadaye, safari hii bila mnunuzi kutakiwa kujua chochote kuhusu vyeti.

Na PayPal? Ilizaliwa ndani ya kampuni ya Confinity, iliyoanzishwa Desemba 1998, na wazo la mwanzo lilikuwa kurushiana pesa kati ya vile vikompyuta vya mkononi vya Palm Pilot. Kilichopendwa na watu kikawa kile cha pembeni, yaani kutuma pesa kwa kujua barua pepe ya mtu tu. Wauzaji wadogo wa eBay, ambao wasingepata kibali cha kupokea kadi, wakaikimbilia. Ikaungana na X.com ya Elon Musk mwaka 2000, na mwaka 2002 eBay ikainunua kwa dola bilioni 1.5. Chini yake bado zilikuwa kadi na akaunti za benki zilezile. Walichoongeza ni kusimama katikati, ili muuzaji asiione namba yako na wewe usihitaji kumwamini muuzaji.

Mwalimu_Z

Karani, ahsante kwa darasa. Nina dogo la pembeni. Mbona nikikosea tarakimu moja ya kadi ukurasa unanikataza palepale, hata kabla sijabonyeza kulipa? Benki yangu imeulizwa saa ngapi?

FundiSeva

Hilo naliweza mwalimu. Benki haijaulizwa. Tarakimu ya mwisho ya kadi ni ya kukagua zile nyingine, na kanuni yake aliibuni Hans Peter Luhn wa IBM, hataza ikatolewa mwaka 1960.

Chukua namba ambayo sisi watengenezaji wa mifumo tunaitumia kwa majaribio, 4111 1111 1111 1111. Anzia kulia, kila tarakimu ya pili izidishe mara mbili, na ikizidi 9 toa 9. Hapa ile 4 inakuwa 8, na zile 1 saba zinazoangukia zamu ya kuzidishwa zinakuwa 2 kila moja, jumla 14. Hapo una 22. Ongeza zile 1 nane zilizobaki bila kuzidishwa, unapata 30. Inagawanyika kwa 10 bila baki, basi namba imekaa sawa. Badilisha tarakimu yoyote moja na jumla itakataa kugawanyika. Hesabu hiyo inafanyika ndani ya kivinjari chako. Inakamata makosa ya vidole tu, haisemi kama kadi ipo au ina pesa.

Na nirudi kwa Karani. Nakubaliana na wewe kuhusu hali ya tatu. Kwa upande wetu wa kuandika programu, kuna namna ya kuishi nayo. Kila jaribio la malipo unalipatia ufunguo wake wa pekee kabla hujalituma, na ufunguo huo unakwenda na ombi. Jibu lisipokuja, unatuma tena ombi lilelile kwa ufunguo uleule. Kampuni ya malipo ikishauona ufunguo huo haitozi upya, inakurudishia jibu la kwanza. Stripe, kwa mfano, wanaupokea kwenye kichwa cha ombi. Kwa hiyo Nuru, swali lako la kubonyeza mara mbili jibu lake linategemea fundi wa tovuti ile. Kama kitufe kinatengeneza ufunguo mpya kila unapokibonyeza, unaweza kukatwa mara mbili. Kama ufunguo umefungwa kwenye oda yako, ubonyeze hata usiku kucha utakatwa mara moja.

KaraniWaMiamala

Umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, mkuu. Niongeze tu kwamba hili si suala la uzembe wa watu. Lina ukuta wa kihesabu nyuma yake. Mwaka 1975 Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walionyesha kuwa pande mbili zinazoongea kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kamwe kufikia uhakika wa pamoja kwamba zimekubaliana. Jim Gray baadaye akaliita tatizo la majenerali wawili. Mmoja anatuma "tushambulie alfajiri", mwenzake anajibu "sawa", lakini naye hajui kama "sawa" yake imefika, kwa hiyo anataka ithibitishwe, na uthibitisho huo nao unahitaji uthibitisho. Hauna mwisho.

Kwa hiyo hakuna mfumo wa malipo utakaokuja kuondoa "haijulikani". Ulio mzuri unaifupisha, unairudia salama, na mwisho wa siku unalinganisha vitabu mstari kwa mstari. Ule usuluhishi wa usiku ndio unaokamata yote yaliyowaponyoka wengine, na mara nyingi ndiyo idara ya mwisho kuongezewa watu.

Shangazi_T

Wanangu, nimesoma yote. Mimi wateja wangu wananilipa akaunti kwa akaunti, na pesa inaingia kabla mtu hajaweka simu mfukoni. Hizo hatua tatu zenu ziko wapi hapo? Kwa nini kadi nazo zisifanywe hivyo, tukaachana na kuzuiliwa na kubatilishwa?

KaraniWaMiamala

Shikamoo Shangazi. Swali lako ndilo linalojadiliwa sasa hivi na watu wa malipo dunia nzima.

Kuna njia mbili za kufika haraka. Ya kwanza ni pale mlipaji na mlipwaji wanapokuwa kwenye kitabu kimoja. M-Pesa ilipoanza Kenya, Machi 2007, salio la anayetuma na la anayepokea yote yalikuwa kwenye mfumo wa kampuni ileile. Huyu anapunguzwa, yule anaongezwa, mistari miwili kwenye daftari moja, na shilingi halisi zimetulia benki kwenye akaunti ya amana. Hakuna benki ya pili ya kusubiriwa.

Ya pili ni ngumu zaidi, pale kila mmoja ana benki yake. Uingereza waliwezesha hili mwaka 2008, India wakaja na UPI mwaka 2016, Brazil wakazindua Pix Novemba 2020. Uingereza, mteja anaona pesa papo hapo lakini benki zenyewe zinalipana baadaye kwa mizunguko. Brazil, kila malipo ya Pix kati ya benki mbili yanalipwa palepale, moja moja, kwenye akaunti ambazo benki zinazo Benki Kuu. Hapo zile hatua tatu zimebanwa zikawa moja.

Kwa nini watu walihangaika kuzibana? Kwa sababu muda kati ya kuahidi na kulipa unaweza kuua. Tarehe 26 Juni 1974 serikali ya Ujerumani iliifunga benki ya Herstatt ya mjini Köln, mchana, saa za Ulaya. Benki nyingine zilikuwa zimeshailipa mark za Kijerumani siku hiyo zikisubiri dola zake New York, ambako ndiyo kwanza siku ilikuwa inaanza. Dola hazikuja. Mpaka leo hatari ya namna hiyo inaitwa kwa jina la benki ile, na magavana wa benki kuu waliunda Kamati ya Basel mwishoni mwa mwaka huohuo.

Ila Shangazi, kuna jambo moja naomba ulitazame kabla ya kutamani kadi zife. Kule kwenda polepole kwa kadi ndiko kunakompa mnunuzi nafasi ya kukana. Kiatu hakikuja, au kilikuja kimepasuka, unapeleka malalamiko benki, nayo inamdai muuzaji arudishe kupitia njia ileile. Malipo ya papo hapo yakishaingia yameingia. Tapeli anajua hilo. Anayehamisha kwa sekunde 10 naye anatoroka kwa sekunde 10. Brazil ilibidi mwaka 2021 waongeze utaratibu maalumu wa benki kuzuia na kurejesha pesa ya ulaghai ndani ya Pix, kwa kuwa mwanzoni njia ya aina hiyo haikuwepo. Wachina walilishughulikia kwa namna nyingine: Alipay, iliyoanza kwa ajili ya wanunuzi wa soko la mtandaoni la Taobao na kusimama kama huduma rasmi mwaka 2004, ilikuwa inashika pesa ya mnunuzi na kumpa muuzaji baada ya mnunuzi kusema mzigo umefika.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Kupokea, au kumlipa mtu ninayemfahamu, papo hapo ndiyo bora, tena ina makato madogo mara nyingi. Kumlipa nisiyemjua kwa kitu ambacho sijakiona, natumia kadi, na usumbufu wake naukubali.

Na wewe unayepokea sana, jihadhari na huyu: mtu anakutumia pesa, halafu anakupigia kwa haraka na kilio kwamba amekosea namba, umrudishie, lakini anakupa akaunti tofauti na ile iliyotuma. Usifungue malipo mapya kwenda huko. Pesa ya kwanza inaweza kuwa ya wizi, mwenyewe akaidai kwako, na ile uliyoituma kwa hiari yako ikawa imekwenda. Kama mfumo wako una kitufe cha kurejesha kwenye muamala uleule, kitumie hicho, maana pesa inarudi ilikotoka na vitabu vyote viwili vinaoana. Kama hauna, mwambie aende benki yake aombe irudishwe kutoka huko, na wewe uijulishe yako uwe wa kwanza kuandika.